Mlango wa Mzee Kuta

Mzee Kuta alipanda mlimani siku nne kabla ya wenzake. Kazi yake ndiyo hiyo, kutangulia. Wapimaji wa barabara wakifika wanakuta hema limesimama, jiko linawaka, vitanda vimetandikwa, wao ni kuvua viatu tu. Jina la Kuta alipewa kwa sababu hema lolote lisilo na kuta za kusimama wima yeye huliita mwavuli. "Mtu mzima halali chini ya mwavuli," anasema, na ukithubutu kumbishia utakaa hapo mpaka jioni.

Safari hii alikuwa na lake rohoni. Mwaka uliopita wapimaji walikataa kulala juu. Walisema baridi imezidi, wakawa wanafanya kazi mchana, jioni wanateremka na gari kwenda kulala nyumba ya wageni kule chini. Yeye akabaki kulinda vyombo, miezi miwili, yeye na ukungu. Kwa siku nzima alikuwa anaambulia maneno kama kumi hivi, na mengine yalikuwa ya kumtuma. Nyumbani napo hakuna wa kumngoja. Mkewe alishafariki, binti yake kaolewa mbali. Kwa hiyo akaapa kimoyomoyo: mwaka huu nitawawekea hema ambalo wataona aibu kuliacha. Hakumwambia mtu.

Basi akachagua mahali, si mchezo. Palikuwa na uwanja mzuri chini ya mti mkubwa. Akainua macho, akaona tawi limekauka huko juu, akapaacha. Akahamia penye mwinuko kidogo ili maji ya mvua yasimtembelee, akachimba na mfereji kuzunguka. Nguzo zikasimama. Kamba akazivuta moja moja, anazigonga kwa kidole anasikiliza, ikilia vibaya anarudi kwenye kigingi. Jiko la kuni, la chuma, la miguu minne, akaliweka juu ya mawe bapa na mchanga, mbali na turubai kiasi cha mkono mzima. Bomba la moshi akalipitisha kwenye kipande cha bati alichokishonea paani, ili turubai lisiguse chuma cha moto, na kule juu kabisa akalivalisha wavu wa kuzuia cheche. Ndoo ya mchanga kando. Kuni kavu zimepangwa utadhani zinauzwa.

Mwisho akaacha uwazi wa vidole vinne chini, pale watu wanapoingilia, na tundu jingine juu karibu na paa. Maana moto unakula hewa, na mtu anakula hewa hiyo hiyo. Ukiwafungia pamoja, moto ndio utakaoshiba.

Muda wote huo alikuwa anaongea. Na nani? Na jiko. "Mlango wako huu umelegea, bwana. Funga mlango, utanitemea makaa." Kwake mlango ulikuwa mmoja tu, kile kijimlango cha chuma cha jiko. Pale watu wanapoingilia hemani paliitwa pazia. Miaka yote hiyo hapakuwa na mtu karibu wa kumwambia kwamba wenzake hawasemi hivyo.

Siku ya tano alasiri, manyunyu yanaanza, gari likafika na watu watatu: mkuu wa wapimaji, mtu mkavu asiyecheka ovyo; dereva; na mshika fimbo, jamaa wa kitambi, anayesimama na fimbo ndefu ya kupimia wakati mkuu anachungulia kwenye mashine yake. Huyo mdomo wake haujui likizo.

"Mzee Kuta! Sema ukweli, umeoa huku?" mshika fimbo akapaza sauti. "Mbona mpaka mkeka upo?"

"Vua viatu, acha maneno."

"Jamani, naambiwa nivue viatu! Mke wangu amenishindwa miaka kumi, leo nashindwa na turubai."

Mkuu akanyoosha mikono kwenye jiko, akaigeuza, akaangalia vitanda, akaangalia paa. Halafu akasema, "Dereva, teremsha mizigo yote. Tunalala hapa."

Mzee Kuta akageuka, akajifanya anatafuta kuni. Kumbe uso ulikuwa umemshinda.

Wakala, wakanywa chai. Mshika fimbo akasimulia jinsi mkuu alivyorudi kinyumenyume na mashine yake mpaka akaingia mtaroni, na hata alipokuwa mle ndani aliendelea kupiga kelele, "Fimbo kulia! Fimbo kulia!" Mzee Kuta alicheka mpaka akakohoa. Alipoinuka kwenda kwenye kihema chake kidogo cha kando, akainua kidole.

"Jamani, kabla ya kulala hakikisheni mmefunga mlango. Kabisa! Usibaki wazi hata kidogo."

"Tutafunga, mzee wangu. Kalale."

Hakulala. Alikaa kitandani anakirudia kile kisa cha mtaro, anacheka peke yake. Haikufika nusu saa akashtuka: mbona hamsikii mshika fimbo? Akachungulia. Chini ya pazia la hema kubwa kwa kawaida hupita mstari wa mwanga. Mstari haukuwepo.

Akatoka mbio, pekupeku. Kamba za pazia zimefungwa zote, chini pamesokomezwa gunia na koti, tundu la juu limezibwa taulo. Akararua. Ndani kijimlango cha jiko kiko wazi, makaa mekundu, dereva anakoroma vibaya, mshika fimbo ameshika kichwa, mkuu anataka kusimama magoti yanakataa.

"Nje! Nje wote!"

Akawakokota mmoja mmoja mpaka kwenye manyunyu. Mshika fimbo akatapika. Wakalala ndani ya gari, vioo vimeshushwa, Mzee Kuta akiwaamsha kila mara na kuwaita kwa zamu. Kulipokucha vichwa vilikuwa vimerudi.

"Nani aliziba?" mkuu akauliza.

"Sisi," mshika fimbo akasema. Kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. "Si mzee alituambia tufunge kabisa? Tukaona upepo unapita chini, unapita juu. Tukasema haya, amri ni amri."

"Nilisema mlango. Wa jiko."

"Kile? Kile si kifuniko?"

"Na hapa panaitwaje?" mkuu akaonyesha turubai la kuingilia.

"Pazia."

Hakuna aliyecheka. Mzee Kuta angeweza kusema, mtu mzima gani anaziba matundu yaliyoachwa makusudi? Angemtupia mshika fimbo lawama, pengine mkuu angemfokea huyo, mambo yakaisha, wakalala tena.

"Kosa langu," akasema. "Nimezoea kuongea na jiko."

Mkuu akalitazama hema tena. "Mzee wangu, hema zuri namna hii sijawahi kuliona. Lakini hawa wana watoto. Leo tunakwenda kwa daktari, na kuanzia kesho tutakuja mchana tu."

"Sawa, mkuu."

Wakapakia. Magodoro yao matatu yakaenda juu ya gari. Dereva akashusha kioo, si kwa dhihaka, alitaka kujua tu.

"Mzee, kule nyumbani kwako, pale unapoingilia ndani, napo unapaita pazia?"

Mzee Kuta akafikiri kwa bidii, kama mtu aliyeulizwa jina la jirani wa zamani.

"Kule," akasema, "sijaingia siku nyingi."

Dereva akatia gia.