Diski Mbili na Stola Moja

Binti yangu alipomaliza mwaka wake wa ushemasi, na kanisa likatangaza siku ya kumwekea mikono awe kasisi, nilimwambia kila mtu wa Kondele aliyenipa sikio. Niliwaambia wateja, nikamwambia anayeniuzia nyuzi, nikamwambia hata mwenye bodaboda aliyetaka tu kujua nashukia wapi. Sikuona haya. Mungu akikupa kitu kizuri ukakinyamazia, huo si unyenyekevu, ni uchoyo.

Stola yake ningeitarizi mwenyewe. Stola ni kile kitambaa kirefu chembamba anachovaa kasisi shingoni, ncha zake mbili zikining'inia mbele. Mwaka mzima alikuwa ameivaa kwa bega moja, kama shemasi anavyopaswa, tena ya kuazima. Sasa angevaa ya kwake, kwa mabega yote mawili.

Kazi yangu ni kutarizi kwa mashine: nembo za sweta za shule, misalaba ya sare za kina mama wa kanisa, majina kwenye majoho ya kwaya. Mashine yenyewe haijui kuchora. Inaelekezwa na kompyuta kwa waya, na ndani ya kompyuta kuna programu ambamo mimi huchora kila mshono. Kwa stola hii sikutaka zabibu na ngano zinazokuja zimeshachorwa. Mimi ni mtoto wa Dunga, ufukoni mwa ziwa, nimekua nikiparua magamba ya samaki. Nilichora mafunjo yaliyosimama majini, na chini yake samaki mmoja, ngege, pezi lake la mgongoni limesimama kama la ngege aliye hai. Kwaresima yote niliimalizia kwenye pezi hilo. Vijana wa mtaani wananiita dani, bibi yao, lakini mkono wangu juu ya kipanya bado hautetemeki, na namshukuru Mungu kwa hilo.

Wakati huo huo kompyuta ilikuwa ikiniandikia. Kila nikiiwasha, ujumbe ulitokea: mfumo endeshi huu umezeeka, hautaletewa ulinzi tena, weka mpya. Nilikuwa naubonyeza uondoke, kama mtu anavyomwambia mchuuzi wa mlangoni apite siku nyingine.

Binti yangu alikuja nyumbani kabla ya kwenda kwenye mafungo ya kujiandaa, akauona.

"Mama, hii imekuwa hapa tangu lini?"

"Tangu Krismasi."

"Na umeiacha tu?"

"Haijaniomba chakula."

Hakucheka. Alinikumbusha mwenzangu wa Kisian, mtarizi kama mimi, ambaye wezi wa mtandaoni walimfungia kompyuta, na michoro yake ya miaka mingi ikapotea. Yeye pia alikuwa na mfumo wa zamani.

"Nikishawekewa mikono napelekwa parokia ya mbali," alisema. "Nataka niondoke nikijua umekaa salama. Tuweke mfumo mpya sasa, kabla sijaenda."

Hofu yake ilikuwa ya kweli, na nilijua inatoka kwenye upendo. Lakini hata yangu ilikuwa ya kweli. Programu yangu ni ya zamani, na mashine ni ya zamani zaidi. Je, mfumo mpya ungezijua? Kama usingezijua, stola ingebaki kitambaa cheupe kitupu, na mwanangu angesimama mbele ya askofu na cha kuazima tena.

Alimwita fundi wa kompyuta, mtu mzima mwenye wajukuu, ambaye kibanda chake kiko karibu na steji. Fundi aliiwasha, akaisikiliza feni yake kama daktari anavyosikiliza kifua.

"Mama, hii ni kazi ya asubuhi moja. Tunafuta ya zamani, tunaweka mpya."

"Kufuta, hapana."

"Ukiogopa vitu vipya utaachwa nyuma. Hata huko kanisani si mlibadilishiwa kitabu cha nyimbo?"

"Tulibadilishiwa. Na kipya kilipokuja, ulituona tukichoma cha zamani langoni?"

Fundi alitikisa kichwa.

"Tulikwenda na vyote viwili," nikamwambia. "Namba za nyimbo zilikuwa zimebadilika. Kiongozi akitaja namba, huku wanaimba wa sifa, kule wanaimba wa maziko. Tulibeba viwili kwenye mkoba mmoja mpaka tukazoea."

Binti yangu akaanza kucheka. "Kuna bibi arusi aliingia kanisani kwa wimbo wa maziko. Tena ni binamu yangu."

"Na mpaka leo ndoa imesimama," nikasema.

Fundi alicheka mpaka akafuta macho. Alipotulia nilimweleza ninavyofanya kazi. Hakuna nguo ya mteja inayoingia chini ya sindano yangu kabla mchoro haujashonwa kwenye kitambaa chakavu. Nikiona kosa, naliona kwenye kitambaa kisichokuwa cha mtu. Nikamuuliza kama kompyuta nayo haina kitambaa chake chakavu.

Alifikiri. Akasema kipo. Angeweza kuitoa diski yangu, pamoja na mfumo wake na kila kilichomo, aiweke kando. Kisha angetia diski nyingine na kuweka mfumo mpya humo. Ukitufaa, tunabaki nao. Usipotufaa, ile ya zamani inarudi mahali pake, haijaguswa.

"Mbona hukusema hivyo tangu mwanzo?" binti yangu alimuuliza.

"Hakuna mteja aliyewahi kuniuliza, Pasta."

Kusikia mwanangu anaitwa Pasta, nilikaa wima kwenye kiti changu.

Siku iliyofuata fundi alikuja na diski. Nilisali kwa ufupi, fundi akavua kofia, kazi ikaanza. Mfumo mpya ulipowaka ulikuwa mzuri kweli, mwepesi, rangi zake safi. Programu yangu, ambayo fundi aliinakili humo pamoja na michoro, ilifunguka, na ngege wangu akatokea na pezi lake. Binti yangu alinitupia jicho la kusema, si nilikwambia? Nikaweka kitambaa chakavu kwenye fremu, nikabonyeza pa kushona.

Mashine ilikaa kimya. Fundi alichomoa waya, akaurudisha. Akajaribu tundu lingine. Kompyuta iliandika kwamba haioni mashine yoyote, na mashine iko pale kando yake, kubwa kama ndama aliyelala.

"Tungekuwa tumefuta," binti yangu alisema polepole.

"Hatukufuta. Na hofu yako usiitupe, ina maana."

Nilimwomba fundi arudishe diski ya zamani. Aliporudisha, nilichomoa waya wa intaneti kwa mkono wangu mwenyewe. Niliwaambia nilivyoamua: stola itatariziwa kwa mfumo wa zamani, na mpaka iishe, kompyuta hii haitatoka nje wala haitafungulia mtu mlango. Baada ya siku ya kuwekewa mikono tutaweka mfumo mpya, kwa njia ambayo fundi atakuwa ameitafuta.

"Mama, wewe ungefaa uaskofu," binti yangu alisema.

"Kila kitu kingechelewa," fundi akasema, akifunga mkoba wake. "Lakini hakuna ambacho kingepotea."

Binti yangu alikwenda kwenye mafungo na moyo uliotulia. Mimi nilimshona ngege kwenye kitambaa chakavu, nikamkagua kichwani na tumboni, mgongoni na mkiani, ndipo nikaweka kitambaa cheupe.

Jumapili ya kuwekewa mikono ilipofika, askofu na makasisi walimwekea mikono kichwani. Kisha walimvua ile stola ya kuazima iliyokaa bega moja, wakamvika yangu kwa mabega yote mawili. Mafunjo yalishuka sawasawa pande mbili, na ngege akatua chini.

Nyuma yangu alikaa mama mmoja anayeuza samaki Dunga. Aliniinamia begani. "Yule ni ngege. Hebu tazama lile pezi."

"Namjua," nikamwambia. "Na aliyemvaa nimemzaa."

Jumatatu nilimpigia fundi simu. Alikuwa amepata njia. Mashine yangu ilikuwa na tundu la flashi ambalo sijawahi kulitumia, limejaa mavumbi ya nyuzi. Alikuja akalisafisha kwa brashi, akaweka diski yenye mfumo mpya, na mchoro ukabebwa kwa flashi badala ya waya. Hata hivyo nilianza na kitambaa chakavu. Sindano ilishuka mshono kwa mshono, na nilipoona pezi linasimama nikajua kazi zangu zote zimevuka.

Binti yangu alinipigia kutoka parokia yake mpya, hata kabla hajafungua masanduku.

"Umeweka?"

"Nimeweka, na inashona."

"Na diski ya zamani?"

"Iko kabatini. Nimeifunga kwenye kile kitambaa chakavu cha ngege wa kwanza, nikailaza kando ya kitabu cha nyimbo cha zamani."