Nani Aliumwaga Uji wa Mwagauji

Miaka ya mwanzo ya vyama vingi nilikuwa nikifundisha jiografia Wingwi, wakati hata salamu ya dukani mtu aliipima kwanza. Siku moja somo lilikuwa misitu ya baridi ya kaskazini mwa dunia. Nikawasomea wanafunzi habari za mto wa huko ambao wawindaji wa kale waliuita Tulipongojea Barafu, kwa sababu walikaa ukingoni mpaka maji yagande ndipo wavuke.

Msichana wa safu ya mbele akainua mkono. “Mwalimu, na Mwagauji je? Nani aliumwaga?”

Mwagauji ni kijito kilicho nyuma ya skuli yetu. Nimekivuka tangu utoto na sikuwahi kujiuliza. Nikasema kweli, sijui.

“Basi twende kwa bibi yangu.”

Alasiri tukafuatana darasa zima. Bibi alikuwa uani akichagua mchele, mumewe kando akisokota kamba.

“Shikamoo, Bi.”

“Marahaba. Skuli imehamia kwangu, kuna kheri?”

Nikamweleza. Akaweka ungo chini, akacheka mpaka mtandio ukamwanguka.

“Uji huo niliumwaga miye!”

Kumbe usichanani alitumwa kuwapelekea uji watu waliokuwa wakipanda mpunga ng’ambo ya kijito. Katikati ya maji akamwona kijana mgeni, mtu wa Msuka, amesimama na jembe anamtazama. Mguu ukateleza, chungu kikaenda na maji. Wapandaji walioshinda na njaa wakapaita pale Mwagauji kwa hasira, na jina likaganda.

“Kijana mwenyewe huyo,” Bibi akasema, akimwonyesha mumewe.

Mzee hakuinua uso. “Nilikuwa nikitazama chungu. Nilikuwa na njaa.”

Tulicheka mpaka majirani wakaja, wa chama hiki na wa chama kile, kila mmoja akitaka kusimuliwa upya. Bwana mmoja ambaye tangu uchaguzi hakuwa akiitikia salamu ya Mzee alisimama mlangoni, kisha akashindwa kujizuia.

“Sasa siku hiyo mlikula nini?”

“Muhogo mbichi,” Mzee akajibu, akajisogeza mkekani kumpa nafasi. Yule bwana akavua viatu, akakaa.

Wiki iliyofuata wanafunzi waliniletea visa vya visima, vilima na mashamba ya kwao. Niliketi nikawasikiliza, na sikumbuki wiki nyingine niliyoifurahia kazi yangu kiasi kile.