Hamsini na Tano Mara Sita

Mwalimu wetu wa sayansi aliponiuliza kama ningependa jina langu lipelekwe kwenye maabara ya kahawa kule Ruiru, nilijibu, "Ndiyo, Mwalimu," kabla hajamaliza kusema. Nilipaswa kukataa. Nafasi ya kazi ilikuwa moja, na ilikuwa ya mwenzangu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa hali ya hatari, na kijana asiye na barua ya mwajiri aliweza kukamatwa akienda dukani tu. Sote wawili tuliitaka kazi hiyo. Mwenzangu alitoka Gatongora. Tulikuwa tumetahiriwa msimu mmoja, kwa hiyo tuliitana wakini, na wakini hamchongei mwenzake kwa wakubwa.

Miezi miwili kabla, pale shuleni Thika, mwalimu alitupatia sisi wawili nta ya mishumaa iliyoyeyushwa ndani ya kichupa cha kioo. Tulitakiwa kupima joto lake kila dakika ikipoa, kisha tuchore grafu: dakika chini, joto kando. Mwenzangu alisoma kipimajoto. Mimi nilichora, kwa sababu mkono wangu ulisifiwa darasa zima, na nilipenda kusifiwa.

Nukta za kwanza ziliteremka vizuri. Kisha akasema, "Hamsini na tano." Dakika ikapita. "Hamsini na tano." Ikapita nyingine. "Hamsini na tano."

"Wewe, unasoma ama unasinzia?" nikamuuliza. "Uji wa asubuhi umekulevya?"

"Kimesimama palepale, wakini. Njoo uone mwenyewe."

Sikwenda. Zilikuwa hatua mbili tu. Alisoma hamsini na tano mara sita, nami niliona haya kuchora kitu kinachopoa kisha kinakataa kupoa. Alipokwenda kuosha vyombo, nilifuta nukta zile sita nikaweka zangu, na mstari ukateremka laini bila kigingi.

Juma lililofuata mwalimu aliinua karatasi yetu mbele ya darasa. "Nta inapoganda, joto lake husimama kwanza," alisema. "Grafu hushuka, hulala, halafu hushuka tena. Pale inapolala ndipo penye somo. Hii haikupimwa, ilitungwa. Nani alisoma kipimajoto?"

Nilimwonyesha kwa kidole. Nilijiambia kwamba si uongo, kweli ni yeye aliyesoma.

Alisimama. Alinitazama, akaitazama karatasi, na naamini aliona doa la ufutio. "Ni mimi, Mwalimu," akasema, basi. Tangu siku hiyo hakuruhusiwa kugusa chombo chochote maabarani.

Ndiyo maana mwalimu aliponiita kuhusu kazi ile, aliongeza, "Mwenzako angefaa kuliko wewe, lakini hasomi kwa makini." Hapo ningeweza kusema kweli. Nilishukuru nikatoka.

Nilikwenda Ruiru, nikachora grafu za kahawa miaka mingi, na sikufuta tena nukta yoyote. Yeye alikata mkonge upande wa Thika. Siku moja tulikutana Kamenu, nikamwita wakini.

"Habari, bwana," akajibu, kama anavyojibiwa mgeni, akapita.

Kuikubali kazi ile kulinigharimu rafiki huyo. Hakuniita wakini tena hadi alipozikwa Kalimoni. Wenzetu wa rika walibeba jeneza, nami nilisimama nyuma pamoja na watu ambao hawakumjua.