Fainali Niliyosimuliwa Sikioni

Ndugu zangu, nawashukuru kwa kunipa nafasi. Mimi ni Mwinyihaji, mzaliwa wa Bodo. Wanaonifahamu wanajua kwamba nikianza kusema huwa sinyamazi. Lakini kuna kipupwe kimoja, uhuru ukiwa bado mbichi, mdomo huu ulijifunga kabisa, na watu walikuwa wameshaanza kuulizana habari za sanda.

Wakati huo nilikuwa mhudumu wa meza katika hoteli moja ya Diani. Hoteli ilikuwa na kiwanja cha tenisi. Nilikuwa nikipeleka vinywaji pale, nasimama na sinia yangu natazama, hata nikaelewa kwa nini mtu anahesabiwa kumi na tano, thelathini, kisha arobaini. Ule mchezo ulinishika. Yalipokuja mashindano makubwa ya Uingereza, nilikuwa nikitega sikio kwenye redio ya baa, na jioni namsimulia mke wangu Mejumaa kila mpira. Yeye hupepeta mchele huku akisema, "Baba Fatuma, watu wawili wazima wanarudishiana mpira ambao hakuna anayeutaka. Hebu niletee maji."

Nilimpenda mchezaji mmoja mwembamba, mrefu kama mlingoti. Jina lake lilimshinda Mejumaa kulitamka, akamwita Mrefu wako.

Mwaka huo, mashindano yakikaribia, sisi wahudumu tulitengeneza kiwanja chetu nyuma ya nyumba za wafanyakazi. Wavu ulikuwa kipande cha jarife kuukuu la kuvulia samaki. Nilikuwa nacheza miguu mitupu. Nikaukimbilia mpira, nikakanyaga msumari wenye kutu, ukazama kisiginoni. Niliuchomoa, nikatia mafuta ya taa, nikaendelea kucheza. Kidonda kilijifunga vizuri, nami nikakisahau.

Baada ya siku kadhaa nikaamka taya limekaza. Nilidhani nimelala vibaya. Mchana mkate haukuingia mdomoni. Kesho yake shingo ikawa ngumu, na tumbo gumu kama ubao. Kisha mtoto akaangusha sufuria uani, na mwili wangu wote ukakakamaa kwa mara moja. Mgongo ulipinda hata nikawa nimeegemea kisogo na visigino tu. Meno yaliuma ulimi, damu ikatoka. Nilijikojolea. Na akili yangu, ndugu zangu, ilikuwa timamu. Niliona kila kitu na kusikia kila neno.

Nilimsikia kaka yangu Bakari akilia. Alikuwa akinipenda sana. Akasema, "Huyu ameingiwa na pepo. Nakwenda kuita watu wa ngoma."

Mejumaa akasimama mlangoni. "Shemeji, naomba unisikilize. Sufuria ikianguka tu anakuwa vile. Ngoma itamfanya nini?"

Bakari alimtazama, akanitazama mimi. Akapangusa macho. "Basi tumpeleke hospitali, Msambweni," akasema.

Tulipelekwa kwa lori la hoteli. Sitaki kuisimulia njia ile. Kila shimo lilikuwa mauti madogo.

Daktari alinitazama usoni, akauliza kama nimeumia mahali. Mejumaa akamwonyesha kisigino. "Ni pepopunda," daktari akasema. "Mmefanya vyema kuja. Tutampiga sindano, tutakipasua kidonda na kukisafisha. Lakini akae gizani, na pawe kimya. Kelele yoyote yaweza kumuua."

Nikawekwa katika chumba cha peke yangu, dirisha limezibwa kwa blanketi. Nilipitishiwa puani mpira mwembamba wa kunyweshea uji mwepesi. Mate yalikuwa yakinipalia, na dresa mmoja, mfunga vidonda wa hospitali aitwaye Kassim, akinigeuza taratibu na kunisafisha kama mtoto mchanga. Dawa zilinilaza, lakini nikizinduka hofu ilikuwa palepale. Nilikuwa nangojea mshtuko ujao. Ikafika siku nikaona heri nife, nipumzike.

Nadhani Mejumaa aliliona hilo machoni mwangu. Akamwuliza daktari kama anaweza kunisemesha. "Sikioni, kwa sauti ya chini kabisa," akaambiwa.

Kassim alikuwa na redio nyumbani kwake, na Kiingereza alikijua. Basi kila alasiri Mejumaa akawa anakwenda kwake kuulizia habari za tenisi. Anarudi, anaweka kidole chake kiganjani mwangu, ananong'ona: "Mrefu wako ameshinda leo. Alifungwa seti ya kwanza, lakini hakukata tamaa."

Nilikikamata kidole kile. Ndilo jibu pekee nililokuwa nalo.

Kesho yake Mrefu akashinda tena. Nikawa na jambo jingine la kungojea, si mshtuko peke yake. Fainali aliisimulia alasiri nzima, kidogo kidogo, kila nilipozinduka. Mrefu aliteleza, akainuka. Walifungana arobaini kwa arobaini hata watazamaji wakachoka. Yule mpinzani wake akaomba dafu. Nilijiuliza, Uingereza kuna madafu? Lakini sikutaka kumkatiza, hata kama ningeweza. Mrefu akachukua kikombe, nami machozi yakanitoka.

Baada ya hapo mishtuko ikaanza kuachana. Taya lililegea, kikaingia kijiko, kisha neno. Neno langu la kwanza lilikuwa jina la mke wangu. La pili nilimwita Kassim nimshukuru kwa habari zake.

"Pole lakini," Kassim akasema. "Mrefu wako alitolewa mapema mno."

"Alitolewa? Kikombe si amechukua yeye?"

Kassim akamgeukia Mejumaa. Mejumaa akawa anajifunga leso ambayo ilikuwa imeshafungwa.

"Siku ya kwanza nilikuja nikueleze kwamba ameshindwa," akasema. "Nikakuona ulivyo. Mdomo ukakataa. Halafu ukanikamata kidole, Baba Fatuma. Sasa ningemtoaje?"

Nilicheka hata taya likauma, nikalishika kwa mikono miwili. Yeye alikuwa analia.

Namshukuru Mwenyezi Mungu, kisha daktari na Kassim, na kaka yangu aliyekubali kusikiliza. Nanyi nawaomba: ukichomwa na msumari au mwiba, kidonda hata kiwe kidogo vipi, usikitibu kwa mafuta ya taa. Nenda ukapigwe sindano. Na ukiuguza mtu asiyeweza kujibu, msemeshe, kwa maana anasikia.

Siku hizi mashindano yale yakifika, mimi na Mejumaa hukaa redioni pamoja. Kila bingwa nampa heshima yake. Lakini kikombe cha mwaka ule alikichukua Mrefu, na mtu asinibishie.