Waya wa Breki kwenye Gitaa la Tonton Faustin

Harufu ya mawese na waya wenye kutu, hiyo ndiyo harufu ya gitaa kwangu. Kisangani wakati wa vita nyuzi za dukani hazikufika, kwa hiyo tonton Faustin, mdogo wa mama yangu, alikuwa anafumua waya za breki za baiskeli, anazipaka mawese ili zisile vidole, anazifunga kwenye gitaa lake. Kazi yake ilikuwa toleka, kubeba abiria kwa baiskeli. Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, shule imefungwa, na nilitaka kitu kimoja tu: kupiga gitaa kwenye misa ya Pentekoste. Maître Gervais, mkubwa wa kwaya, alikuwa amesema mbele ya watu wote: "Mutoto mwanamuke hawezi baré. Akinipigia Fa safi, nitamupa kiti yangu."

Fa haipigwi bila baré, na baré ni kulaza kidole kimoja juu ya nyuzi zote sita na kuzibana pamoja, hata mmoja usikwame. Na waya wa breki unakata. Wiki nzima Fa yangu ililia kama kuku anayekabwa, tonton anacheka mpaka anashika tumbo. "We, unakamata gitaa ao unakamata mwizi?" Halafu anageuza kidole changu kilalie ubavu, penye mfupa. "Nguvu haiko ku kidole. Iko ku mukono, vuta nyuma. Bon, tupige." Mchumia juani hulia kivulini, wanasema, mimi nilichuma malengelenge. Kisha uzi mwembamba wa kwanza ukakatika. Breki ya nyuma tonton alikuwa ameshaimaliza zamani, akatoa ya mbele. "Toleka ya Kisangani inasimama na kisigino," alisema, akikanyaga gurudumu kunionyesha. Wenzake wengi walifanya vile vile. Jioni ile nyuzi zote sita zililia, safi kama maji. Tonton hakucheka. Alisema tu, "Gervais atatoa kiti."

Siku chache kabla ya Pentekoste, Rwanda na Uganda wakaanza kupigana. Si kwao. Kwetu! Marafiki wawili waliosema wamekuja kutukomboa, wakagombania mali yetu ndani ya mji wetu. Mabomu yalipita juu ya paa, sisi chini ya kitanda, maji yakakatika. Siku ya tatu mdogo wangu alikuwa hana hata machozi ya kulia. Tonton akafunga bidoni mbili kwenye baiskeli, akaenda kutafuta maji. Jirani aliyekuwa nyuma yake kwa miguu ndiye aliyetusimulia. Tonton alikuwa anarudi, bidoni zimejaa, njia inateremka, na chini askari wa kigeni wamekaza kamba kufunga njia. "Simama!" Akakanyaga tairi kwa kisigino, tairi limelowa, mzigo unamsukuma. Alipiga kelele, "Hakuna breki! Hakuna breki!" Askari mmoja, kijana tu, akampiga risasi.

Kwenye kilio, Gervais alininyooshea kidole mbele ya mama yangu: "Gitaa ya huyu mutoto ndiyo imemuua." Nilimwamini miaka mingi. Sasa nakataa, na jina lake naliandika. Gervais, ulisema uongo. Nani aliweka kamba kwenye njia yetu? Nani alimpa yule kijana bunduki, akamtuma kuvuka mpaka? Rwanda, Uganda, na wakubwa wetu wa hapa waliowapokea kwa ngoma. Msiniletee methali ya tembo na nyasi. Tonton Faustin hakuwa nyasi.

Leo pikipiki zimejaa mjini, nyuzi mpya zinauzwa sokoni, watoto wanajifunza baré kwenye simu. Nyuzi tano nimebadilisha. Ule wa kwanza ni wa breki ya tonton bado, naupaka mawese. Kila Pentekoste nakaa mlangoni kwangu, nalaza kidole ubavu, napiga Fa, na Gervais, mzee sasa, anapita hapo kwenda misa, anaharakisha miguu. Kiti chake sikitaki tena. Nataka asikie tu kwamba ule waya unalia safi, na hauna kosa.