Maua ya Upande wa Ndani

Kwenye meza ya vitambaa sokoni Kamembe, nilipokuwa nikingoja zamu yangu, mama mmoja aliyerudi na watoto wake kutoka Bukavu alikuwa akichagua rido, pazia la dirisha. Aligeuza kila kitambaa na kukagua mgongo wake.

"Maman, maua iko huku," muuzaji akamwonyesha.

"Naona, Papa. Nataka maua ikuwe ndani, na inje ionekane imechakaa."

"Bantu bote banapenda maua ionekane inje!"

"Bale bako na nyumba yabo. Mimi nilipaka chokaa tu, mwenye nyumba akapita, akaongeza kodi. Akiona na maua, nitalala wapi na batoto?"

Muuzaji akaweka mkasi chini, akajikuna shingo.

"Maman, mimi pia niko na mupangaji, kule Gihundwe. Alinunua maua mekundu hapa kwangu. Kila siku napita kwa dirisha yake, sijawahi kuyaona."

"Umuache, Papa. Unikatie meta mbili."

Akakata.

Nilirudi nyumbani nikitazama madirisha ya Gihundwe, vitambaa vilivyofifia nyumba baada ya nyumba, nikafurahi kujua jinsi watu wanavyoishi vizuri humo ndani. Wenye nyumba mnaosoma haya, tafadhali endeleeni kupita barabarani.