Mfuko wa Nailoni Juu ya Kengele ya Moshi

Mwanangu, niliwahi kuwatoa watu wa jengo zima nje kwenye baridi ya Februari, wengine bila makoti, mmoja na bakuli la supu mkononi, kwa sababu ya mfuko mmoja wa nailoni. Siku ile naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu. Mke wangu analijua hilo, na ameshanisamehe.

Ndevu zangu zilikuwa bado nyeusi. Ilikuwa mwaka 2004, tunakaa ghorofa ya kumi na moja kule mtaa wa Dixon, hapa Kanada, nami nafanya usafi na kuandaa vyumba katika jengo moja la chuo kikuu mjini. Kwa asili yangu mimi ni mtu wa nyumbani. Nilimaliza kidato cha nne Tanga, nikarudi kukaa barazani kwa mama, na ningekuwa nimekaa pale hadi leo kama mke wangu, Mama Salma, asingenitoa kwa nguvu na kunipandisha ndege.

Sasa, kila Ijumaa Mama Salma hufukiza udi nyumbani. Na kile kidude cha kunusa moshi kilichoko darini hakijui udi ni nini, kwake moshi ni moshi. Kikilia, jirani wa chini anagonga dari lake kwa fagio. Kwa hiyo nilikuwa na cheo kimoja rasmi katika nyumba yangu: kupanda juu ya kiti, kukivisha kile kidude mfuko wa nailoni, na kuufunga kwa mpira wa nywele wa Salma. Nilijiona fundi mkubwa. Wiki moja nilisahau kuutoa mfuko, tukalala siku nne bila kengele, nikaona ni jambo la kuchekesha. Nawe usinicheke. Kwenu mnafanya hivyo hivyo, nimeshaona alama za miguu kwenye viti vyenu.

Pale chuoni kulikuwa na wanafunzi wa wenyeji wa asili, watu waliokuwa na nchi hii kabla haijaitwa Kanada. Walikuwa na mzee wao, Bi Doreen, aliyekuja kila Jumatano kukaa nao. Mwanamke mfupi, nywele nyeupe zimesukwa mkia mmoja, miwani imefungwa kamba shingoni. Nao pia hufukiza. Huweka majani makavu yanayonukia ndani ya kombe la baharini, huyawasha, moto ukizimika moshi unabaki. Kila mmoja huuvuta ule moshi kwa viganja, akajipitishia kichwani, machoni, kifuani, huku akiomba. Siku ya kwanza kuwaona nilimkumbuka mama yangu anavyofukiza nguo za Idi, nikasema moyoni, kumbe hawa ni watu wetu.

Kwa kawaida walifanya ibada yao nje, nyuma ya jengo. Lakini wiki ile msichana mmoja miongoni mwao alifiwa na bibi yake, huko kaskazini ambako hufiki ila kwa ndege, na ndege zilikuwa zimezuiwa na dhoruba. Bi Doreen akataka wamwombee marehemu saa ile ile anayozikwa. Nje hapakukalika, akaomba chumba.

Supavaiza wangu, Mreno mmoja aitwaye Paulo, akaniita. "Hamisi, waandalie chumba cha ghorofa ya pili. Na ujaze fomu hii uipeleke ofisi ya usalama, wazime kengele za upande ule na watupe mtu wa kukaa nao."

Fomu yenyewe ilikuwa kurasa mbili. Ofisi ya usalama ilikuwa ng'ambo ya uwanja, na uwanja ulikuwa na theluji hadi magotini. Niliiangalia fomu, nikaiangalia theluji, nikaikunja fomu nikaitia mfukoni. Nikajisemea, kweli mtu wa fani hii apelekeshwe na makaratasi? Nikapanda kiti, nikakivisha kidude cha chumba kile mfuko, nikashuka, nikaenda kunywa chai.

Nilichokisahau ni kwamba jengo la chuo si nyumba yangu. Moshi ulipita kwenye tundu la hewa, ukatokea koridoni, na huko kulikuwa na kidude kingine ambacho hakuna aliyekivisha chochote. Kengele za ghorofa zote sita zikalia kwa pamoja. Watu wakashuka ngazi mbio. Magari ya zimamoto yakaja matatu. Zimamoto mmoja aliingia mle chumbani na buti zake, akachukua kombe akalimwagia maji, majivu yakatapakaa juu ya meza. Yule msichana alisimama nje kwenye theluji, mikono mitupu, akiangalia saa. Saa ya maziko ilipita akiwa pale.

Nami nilikuwa wapi? Nilikuwa nyuma ya watu, nimevuta kofia hadi kwenye nyusi.

Wale wa zimamoto waliuona mfuko. Kufikia kesho yake habari ilikuwa imeshapata wenyewe: wanafunzi wale wamefunika kengele. Nani mwingine angefunika? Paulo aliniuliza kama nilipeleka fomu. Nikamwambia niliipeleka, labda imepotea hukohuko. Mwanangu, uongo ule ulinitoka kwa urahisi kama salamu. Siku ya Ijumaa ofisi ikatoa tangazo: Jumatatu kutakuwa na kikao, na linalopendekezwa ni kupiga marufuku moshi wa aina yoyote katika majengo yote, na hata nje karibu na milango.

Jumatatu asubuhi Bi Doreen alishuka mwenyewe hadi kwenye chumba chetu cha mifagio. Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akapangusa miwani.

"Ni wewe uliyeweka ule mfuko," akasema. Hakuuliza.

Nikaanza kuzunguka. Nikamweleza habari za udi, na Mama Salma, na jirani wa chini na fagio lake, na mwisho ile fomu niliyoikunja. Akanisikiliza hadi mwisho, hata akacheka kidogo nilipofika kwenye fagio.

"Kwa hiyo nyumbani kwenu mnafukiza kwa kujificha."

"Si kujificha, bibi. Tunafunika tu."

"Bibi yangu alijificha," akasema. "Alifukiza ndani ya banda la kuni, mlango umefungwa, mtu mmoja analinda njia, kwa sababu ilikuwa imekatazwa na sheria, na wangeweza kumpeleka jela. Mimi nimezeeka nikidai nisijifiche tena. Ile karatasi uliyoikunja ingekuwa na jina langu, na chumba, na saa. Ingesema tupo pale na wote wanajua. Wewe ukaona unanirahisishia, ukanirudisha bandani."

Nilimwuliza kwa nini hakuwaambia ofisi.

"Nimesema wanafunzi wangu hawakufanya. Hawakuniamini. Kikao ni saa nane." Akasimama, akairudisha ndoo mahali pake, akaondoka.

Nakuambia kweli, nilifikiria kuumwa. Mtu wa nyumbani akiogopa hukimbilia kitandani. Nilifika hadi kituo cha treni. Kisha nikamwona yule msichana anapanda ngazi za kituo, anakuja chuoni, kichwa chini, nami nikageuka nikamfuata kwa mbali hadi jengoni.

Saa nane niliingia kwenye kikao na ovaroli yangu, nikaitoa ile fomu mfukoni, imekunjwa mara nne, nikaiweka mezani. Nikasema, "Mfuko niliuweka mimi. Fomu sikuipeleka. Hawa hawajui lolote." Paulo aliinamisha uso.

Nilipewa barua ya onyo, nikahamishiwa gereji ya magari, miezi mitatu nafagia chumvi na tope. Nilistahili. Lakini marufuku haikupita. Mama mmoja wa ofisi ya usalama alisema kumbe tatizo si majani, tatizo ni mtu aliyeruka hatua. Wakakaa na Bi Doreen wakapanga. Taarifa itolewe siku mbili kabla. Vidude vya chumba na vya koridoni vizimwe na wenye mamlaka, na tundu la hewa lizibwe. Karatasi ibandikwe mlangoni, ili mwenye pumu ajue apite wapi. Mtu mmoja akae pale na mtungi wa kuzimia moto, asiondoke hadi majivu yapoe na kengele zirudishwe. Na asimwage mtu maji juu ya kombe. Majivu Bi Doreen anayachukua mwenyewe, anayarudisha ardhini.

Walipomwombea tena bibi wa yule msichana, mwezi uliofuata, mtu wa kukaa na mtungi nilikuwa mimi. Bi Doreen ndiye aliyeniomba. Msichana alilia kadiri alivyotaka, kengele haikulia.

Basi mwanangu, ninalokuambia ni hili. Ukitaka kumsaidia mtu katika ibada yake, muulize yeye kwanza, usimfanyie unavyofanya kwako. Kengele ya moto usiifunike, si ya chuo wala ya kwako, mwite mwenye mamlaka aizime na aiwashe. Karatasi ya ruhusa usiidharau kwa sababu ni karatasi. Kuna watu waliisubiri maisha yao yote. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo, usimwache mwingine akabeba. Mungu akupe macho ya kuona moshi unakoelekea, akupe majirani wavumilivu, na nyumba yako inukie siku zote.

Haya yote nilimsomea jirani yangu wa mlango wa pili, Bi Khadija wa Mombasa, kabla sijayaandika vizuri. Alisikiliza hadi mwisho, akajifunga leso, akasema: "Maneno yote hayo, Baba Salma, na wewe ulichoambiwa ni kujaza karatasi moja tu."